Jaribu Penye Mizani
(Mathayo 4:1-11)

Bwana wetu alijaribiwa kwanza kwa habari ya mkate, maana aliona njaa. Sisi nasi hapa Kashaulili twajaribiwa papo hapo, penye chakula cha watoto. Muuza mpunga husikia moyoni: Punguza kidogo tu katika mizani, sare ya mtoto haingoji. Mwosha dhahabu huambiwa: Ficha chembe hii, mwenzako hajaiona. Shetani hasemi, Mwache Mungu. Asema, Mungu amekawia, jisaidie. Basi yatupasa kumjibu upesi kwa Neno, kama Yesu alivyomjibu, kisha tupime sawasawa. Huenda jioni tukarudi na fedha chache. Baba aijua hesabu hiyo. Nanyi walimu, waulizeni wanafunzi wenu: Mizani yangu yashuhudia nini juu ya imani yangu?