Unacheza Gemu, au Gemu Inakucheza?

SOMO LA WIKI KWA USHIRIKA WA NYUMBANI
Neno la msingi: 1 Wakorintho 6:12
Soma pia: Zekaria 8:4-5, Waamuzi 14:10-20, Waefeso 5:15-16, Kumbukumbu la Torati 6:6-7



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa hapa kwetu Gatuanyaga alinisimamisha mlangoni. Alikuwa amemshika kijana wake mkono, kama anaogopa atatoroka. Akaniambia, "Mwalimu, huyu mwombee. Ako na pepo la gemu." Kijana aliangalia chini. Nilimwekea mikono, nikaomba, tukasema amina.

Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani, swali moja lilinikaa moyoni. Nimeomba, sawa. Lakini kesho saa kumi jioni akitoka shule, huyu kijana ataenda wapi? Mama yake huondoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta kibarua upande wa Thika mjini, na anarudi giza limeingia. Nyumbani hakuna mtu. Kwa kibanda cha gemu kuna watu.

Wapendwa, mimi naamini Mungu anafungua waliofungwa. Nimeona. Lakini kuna mambo tunayaita pepo ilhali yanangoja mtu mzima akae chini na mtoto wapange saa. Tukiomba bila kupanga, tunamwachia Mungu kazi aliyotupa sisi.

Kwanza nianze na mimi

Kabla hujasema somo hili ni la vijana, wacha nitubu. Mimi pia nilikuwa na gemu kwa simu, ile ya kupanga peremende za rangi moja. Nilikuwa nasema ni dakika tano tu kabla ya kulala. Dakika tano zinafika saa sita usiku.

Usiku mmoja mke wangu alikuwa ananieleza jambo, mimi naitikia "mm, mm" huku kidole kiko kwa simu. Asubuhi nikamkuta amevaa, amebeba mkoba. Nikamuuliza, "Unaenda wapi mapema hivi?" Aliniangalia tu. Alikuwa ameniambia usiku kwamba mama yake amelazwa, na nikaitikia.

Sikuwa baa. Sikuwa na wanawake. Nilikuwa kitandani kwangu, na sikuwako. Ndiyo maana sitasimama hapa kumhukumu mtoto wa mtu.

1. Kucheza si dhambi

Soma Zekaria 8:4-5. Nabii anaonyeshwa Yerusalemu iliyorejeshwa. Anaona nini? Wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Mungu akitaka kutuonyesha mji uliopona, anatuonyesha watoto wakicheza. Mchezo ni baraka. Sisi wenyewe tulicheza bano, mpira wa makaratasi na magari ya waya mpaka tukaitwa mara tatu, mara ya nne ikawa ni fimbo.

Wala tusiwaambie vijana kwamba gemu haijawahi kumsaidia mtu. Watatuona waongo. Mwaka wa 2018 Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, ambaye wachezaji wanamjua kwa jina QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni kwa ustadi wake katika gemu ya kupigana inayoitwa Tekken. Ni kweli. Lakini tuwaambie ukweli wote: wanaocheza mpira mtaani ni wengi, wanaofika Ulaya ni wachache. Gemu ni vivyo hivyo.

2. Jua dalili za kutawaliwa

Paulo katika neno letu la msingi anatupa vipimo viwili. Kitu kinaweza kuwa halali, lakini je, kinafaa? Na cha pili: je, mimi ndiye bwana wake, au chenyewe kimekuwa bwana wangu? Paulo anakataa kuwa mtumwa wa kitu chochote, hata kile kilicho halali.

Hata madaktari wamefika karibu na hapo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeweka ugonjwa wa uraibu wa gemu. Wanaangalia mambo matatu:

- Mtu ameshindwa kujizuia: aanze saa ngapi, aache saa ngapi.
- Gemu imepanda juu ya mambo mengine: chakula, usingizi, masomo, kazi, watu wa nyumbani.
- Anaona madhara waziwazi, na bado anaendelea au anaongeza.

Hali hiyo kwa kawaida iwe imeendelea kwa karibu mwaka mzima, na iwe imeharibu maisha ya mtu kweli. Shirika lenyewe linasema wanaofika hapo ni sehemu ndogo ya wachezaji. Kwa hiyo mzazi, usimwite mtoto mgonjwa kwa sababu alicheza Jumamosi mchana. Lakini pia usingoje mwaka uishe ndipo uulize.

3. Piga hesabu

Waefeso 5:15-16 inatuonya tuangalie tunavyoenenda na tuukomboe wakati. Haya, chukua kalamu.

Mtu anayecheza saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ametumia saa 10 kwa wiki. Kwa mwaka ni saa 520. Ukigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, ni siku 65. Hizo ni zaidi ya miezi miwili ya kwenda kazini kila siku bila kupumzika. Saa hizo zingetosha kujifunza kushona, kuchomelea vyuma, au kurudia hesabu zote za darasani tangu mwanzo.

Pesa nazo? Tuseme kijana anatumia shilingi 40 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ni shilingi 240. Kwa mwaka ni shilingi 12,480. Sasa uliza pesa hizo zinatoka wapi, kama hana kazi. Mara nyingi ni chenji ya unga, ni nauli ya shule, ni ile mia iliyokuwa chini ya kitambaa cha meza na ikapotea. Gemu ikishamfundisha mtoto kuiba nyumbani, si mchezo tena.

4. Pesa ikiingia kwa mchezo

Fungua Waamuzi 14. Samsoni yuko arusini kwake. Anawatolea vijana thelathini kitendawili. Kitendawili ni mchezo mzuri, si dhambi. Lakini Samsoni anaweka dau: mavazi thelathini ya kitani na mavazi mengine thelathini. Angalia basi kilichofuata. Vijana wanamtisha bibi arusi. Bibi arusi analia siku za karamu. Siri inatoka. Samsoni anashindwa, anawaka hasira, anashuka Ashkeloni na kuua watu thelathini ili alipe deni la mchezo. Mwishowe mke wake anapewa mtu mwingine.

Mchezo wa arusi ulimaliza ndoa. Dau ndilo lililougeuza.

Kwa vibanda vingi anayeshindwa ndiye analipa mechi. Mnaona ni kidogo. Lakini hapo ndipo kijana anaanza kuweka hamsini pembeni, kisha mia. Kisha anapata ile ndege ya kwa simu, Aviator, anangoja aitoe pesa kabla haijapaa na kupotea. Ndugu, hiyo si gemu. Ni kamari iliyovaa nguo za gemu, na sheria ya Kenya inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kwa mwenye miaka 30 sheria haitamshika, lakini karo ya watoto itamwuliza.

Hata gemu zenyewe zina mitego. Nyingine zinakuuzia boksi bila kujua ndani kuna nini. Unalipa kwanza, ndipo unafungua uone kama umepata mchezaji mzuri. Mwaka wa 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema maboksi kama hayo ni kamari, na ikataja hata gemu ya mpira ya FIFA 18. Mzazi, kama mtoto wako anajua PIN yako ya M-Pesa, ibadilishe leo kabla ya kulala.

5. Nilichokiona kibandani

Jumamosi iliyofuata nilienda kwa kile kibanda. Ni mabati, benchi mbili, skrini tatu, na PlayStation zilizochoka. Vijana walinyamaza waliponiona, wakadhani nimekuja kukemea. Nikakaa.

Nilikuja kutafuta uovu, na kelele zilikuwako, na matusi pia. Lakini niliona kingine. Mwenye kibanda anamjua kila mtoto kwa jina. Mmoja alipoingia alimwuliza, "Leo umekula?" Mwingine hakuwa ameonekana siku mbili, akawa anaulizia.

Wapendwa, niliona aibu. Yule kijana niliyemwombea Jumapili nilikuwa simjui jina. Amekaa kiti cha nyuma kanisani kwetu miaka mitatu. Kibandani anaitwa kwa jina, anachekewa, anashangiliwa akifunga bao. Kwetu anaambiwa anyamaze na asogee. Si ajabu akichagua huko.

6. Basi tufanye nini?

Mwaka wa 2021 Uchina ilitoa amri kwamba watoto wa chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu, siku ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ni amri kali. Lakini serikali, hata iwe na nguvu namna gani, haiwezi kukaa na mtoto wako mezani. Kumbukumbu 6:6-7 inampa mzazi kazi hiyo: kusema na watoto ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Huwezi kufanya hivyo ukiwa umeinamia simu.

- Pangeni saa pamoja. Mwulize kijana mwenyewe aseme ni siku gani na saa ngapi. Agano alilolisema mwenyewe atalilinda kuliko amri.
- Simu zote zilale sebuleni, ya baba na ya mama pia.
- Mwombe akufundishe gemu yake mara moja. Atakushinda, mtacheka, na atakuambia mambo ambayo hukuwahi kumwuliza.
- Usiondoe gemu ukaacha shimo. Weka kitu: mpira, ngoma za kanisa, kuku wa kufuga, mtu wa kumwangalia.
- Ndugu mwenye kibanda, biashara yako tunaiheshimu. Mtoto mwenye sare saa nne asubuhi mrudishe shule. Dau usikubali.
- Wewe mtu mzima, anza na simu yako. Ukijaribu kuiacha kwa wiki moja na ukashindwa, njoo tuongee. Hakuna atakayekucheka.

Yule mama nilirudi kuongea naye. Kuna cucu jirani aliyekubali kijana akae kwake akitoka shule, afanye kazi ya shule pale, amchotee maji. Gemu ni Jumatano na Jumamosi, saa mbili. Mwenye kibanda alikubali kumrudisha nyumbani saa kumi na mbili. Wiki ya kwanza kijana alivunja agano mara tatu. Ya pili mara mbili. Juzi alivunja mara moja, na akaenda kumwambia mama yake mwenyewe kabla hajaulizwa. Mama alinipigia simu akilia, nikadhani kuna msiba. Alikuwa anashukuru.

Bado tunaomba. Sasa ninaomba nikimtaja jina.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kitu gani halali maishani mwako ambacho kimeanza kukutawala?
2. Katika Waamuzi 14, ni wapi Samsoni angeweza kusimama kabla mambo hayajaharibika?
3. Taja majina ya vijana watano wa kanisa letu wasio wa nyumba yako. Ukishindwa kufika watano, utafanya nini Jumapili ijayo?
4. Nyumbani kwako, ni saa gani ambayo hakuna mtu anayeshika simu?

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa furaha na kwa michezo ya watoto wetu. Tusamehe kwa saa tulizozimwaga. Wafungue waliofungwa na gemu na kamari, na utufungue macho sisi tuwaone walio karibu nasi. Utupe uvumilivu wa kupanga, kukaa na kusikiliza. Katika jina la Yesu, amina.