Land Rover ya Marehemu na Mnunuzi wa Mbali

Gari la zamani la jeshi ambalo halijafanyiwa ukarabati lina masoko mawili, na masoko hayo hayapatani. Kuna mtu wa mzigo, anayetaka gari la kupandisha magunia ya kahawa milima ya Mbinga. Huyu hajali limetoka wapi, na akishalinunua mara nyingi hung'oa injini ya asili na kuweka ya Toyota, maana vipuri vyake havisumbui. Halafu kuna mkusanyaji, anayelipia hasa vile ambavyo mwenzake anavitupa: injini iliyotoka nayo kiwandani, rangi iliyopauka, matundu ya kufungia redio, na karatasi zinazoonyesha gari lilikuwa wapi na lini. Muuzaji asiyejua anazungumza na yupi kati ya hao huishia kupewa bei ya skrepa.

Barua iliyoifikia safu hii kutoka Majengo, Songea, ina kurasa nne, lakini mambo yake yanaenea katika mistari michache. Gari ni Land Rover Series III, inchi 109, ya petroli. Baba wa mwandishi alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya jeshi, na sasa baba ni marehemu. Gari limekaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba likiwa na rangi yake ileile ya kijani, na ndani ya sanduku la bati kuna hati ya mnada, picha mbili, na daftari la safari lenye majina ya Mutukula na Masaka. Mwandishi, ambaye ni mtoto wa kwanza, anauliza kama alipige rangi kwanza na amtumie dalali gani. Karibu na mwisho anaandika: “Nataka mnunuzi wa mbali, wa Arusha au hata Nairobi, gari lisionekane tena hapa Songea.”

Kuhusu rangi jibu ni fupi: kopo lirudishwe dukani. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa sababu gari lilipobuniwa Uingereza na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo. Bodi hiyo haili kutu kama ya chuma. Kinachooza ni chasisi, tena huanzia ndani, hasa sehemu ya nyuma na kwenye vishikio vya springi. Mnunuzi anayejua mambo akiona rangi mpya huhisi kuna kutu iliyofichwa, na hupunguza bei kabla hajainama kuchungulia uvunguni. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ya Jaguar Land Rover ilipoanza kulifufua moja ya magari yaliyoonyeshwa Amsterdam, iliamua kutoifuta rangi iliyochakaa kwenye vipande vya asili. Fundi rangi wa mtaani hawezi kuiongezea thamani rangi ambayo kiwanda kimeogopa kuigusa. Gari lioshwe kwa maji, viota vya ndege vitolewe, petroli iliyolala tangini imwagwe kabla haijaziba kabureta, na mtu asijaribu kuliwasha bila kukagua oili. Basi.

Karatasi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hadithi ya Vita ya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, husimuliwa juu ya karibu kila Land Rover nzee nchini, na mkusanyaji ameshaisikia mara nyingi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, na kwa kawaida imefunikwa na matope na grisi. Hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, msasa usiisogelee. Series III zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 1979 zina namba fupi, tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Baada ya hapo kiwanda kilihamia namba ndefu ya tarakimu na herufi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, kwa hiyo gari lenye namba ndefu halikuwa kwenye mapigano hayo, hata mwenye gari ale kiapo. Laweza kuwa lilivuka mpaka baadaye, kwa kuwa askari wa Tanzania walibaki Uganda hadi 1981, lakini hiyo ni hadithi nyingine na ina bei nyingine.

Daftari nalo lipimwe kwa njia hiyohiyo. Mutukula ilitekwa Januari 1979, na Masaka mwishoni mwa Februari. Safari ya Masaka iliyoandikwa mapema Februari ina walakini, na ni afadhali mwenye gari auone kabla mnunuzi hajauona. Tarehe zikilingana, kilomita zikipanda kwa mfululizo bila kuruka, na namba ya gari kwenye daftari ikiwa ndiyo iliyo kwenye hati ya mnada, hapo kuna kitu cha kuuza. Makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitengenezwa lini na kupelekwa nchi gani, na cheti hicho huziba pengo la mwanzo. Ila daftari hilo lilikuwa la jeshi kabla ya kuwa la familia. Kambi ya Ruhuwiko iko hapohapo mjini, na ni busara kuuliza huko kama linaweza kwenda kwa mtu binafsi kabla picha za kurasa zake hazijaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Kibao cha namba za jeshi, kama bado kipo, kisifungwe kwenye gari linalotembea barabarani.

Kuhusu njia ya kuuza, dalali wa stendi, tangazo la WhatsApp na mnada vyote vinajulikana. Wenye mapenzi na magari haya walikusanyika Arusha Oktoba 2024, kwenye tamasha lililolenga kuipiku rekodi ya Ujerumani ya msafara wa Land Rover 632, na Maralal, kaskazini mwa Kenya, magari hayahaya bado yanabeba abiria. Wanunuzi wapo.

Sasa sentensi ile ya mnunuzi wa mbali. Muuzaji wa kawaida anataka wanunuzi wa karibu na wa mbali washindane mpaka bei ipande. Anayeikataa fedha ya jirani ana sababu isiyohusu gari. Barua inataja, kwa nusu mstari na ndani ya mabano, wadogo watatu: mmoja Mbinga, mmoja Tunduru, na dada aliyeolewa Dar es Salaam. Hakuna mahali inaposema kwamba wameulizwa. Inasema pia kuwa ingefaa jambo hili liishe kabla ya Desemba, na Desemba ndipo watu wanaporudi nyumbani. Mpango ni kwamba gari liwe limeshafika Nairobi siku mdogo mtu anaposhuka stendi ya Songea na kuukuta mwembe umesimama peke yake. Huo ni wizi. Kwamba anayeiba ni kaka mkubwa hakuubadilishi jina, kunauongezea aibu tu.

Hata hivyo ukurasa wa tatu unaeleza chanzo cha mpango huo, na hapo sauti inapaswa kushuka. Mwandishi ameorodhesha nauli za kwenda hospitali ya Peramiho, dawa, na siku alizofunga kibanda chake cha biashara ili amgeuze mzee kitandani, kisha akamaliza kwa kusema kwamba wenzake walikuwa wakipiga simu tu. Orodha hiyo haimwombi mtu yeyote chochote. Imeandikwa kwa mwandishi wa safu kwa sababu haijawahi kusomwa mbele ya wanaohusika.

Kumuuguza mzazi ni kazi. Ina saa zake, ina uchovu wake, ina hasara yake ya kipato, na katika familia nyingi humwangukia mtoto mmoja kwa sababu tu ndiye aliyebaki karibu. Desturi humsifu mtoto huyo msibani, shangazi humwombea baraka, kisha watu hupanda mabasi. Kumtaka aone haya kutaja gharama ni kumdhulumu mara ya pili. Lakini akikaa kimya halafu ajilipe mwenyewe gizani, dai lake halali hufa siku hiyohiyo, na kuanzia hapo atakuwa ndiye mwenye deni. Mtu aliyefanya kazi ya heshima hana sababu ya kuuchukua mshahara wake kwa kujificha.

Uzaliwa wa kwanza nao humpa mtu uwakili, haumpi miliki. Kaka mkubwa ndiye anayeitisha kikao, ndiye anayekaa na baba wadogo na shangazi, ndiye anayefungua sanduku la bati mbele ya wote. Orodha ya ukurasa wa tatu isomwe hapo, kwa sauti, kabla bei ya gari haijatajwa. Huenda wadogo wakakubali arudishiwe gharama zake kwanza, huenda wakabisha. Wakibisha atakuwa amejua, na atakuwa bado ana ndugu wa kubishana nao. Desemba inayokwepwa ndiyo nafasi nzuri ya kikao hicho.

Sheria inasukuma upande uleule. Kadi ya gari bado ina jina la marehemu, na TRA haihamishi umiliki kwa sahihi ya mtu asiye na mamlaka. Muhtasari wa kikao hupelekwa mahakamani, kwa mirathi nyingi Mahakama ya Mwanzo, ambayo hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha humteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na gari linaingia humo pamoja na nyumba. Mnunuzi wa Nairobi atakayelipa kabla ya hapo atakwama Namanga na gari asiloweza kulivusha, na atakayepigiwa simu ni mtu wa Majengo.

Msimamizi akishateuliwa, mauzo huwa mepesi. Mkataba hushuhudiwa na wakili, fedha hupita benki kuingia akaunti ya mirathi, na mkataba hutaja namba ya chasisi, namba ya injini, na kila karatasi inayokwenda na gari. Kurasa zote za daftari hutolewa nakala kabla asili yake haijakabidhiwa, seti nne, moja kwa kila mtoto wa marehemu. Wadogo wakisema gari lisiuzwe, suala la mnunuzi linafungwa, na msimamizi anabaki na kazi ya kuandika kwenye hesabu yake limegawiwa nani na kwa thamani gani.