Banda au panda? Hati za Kiarabu za Kiswahili, kutoka sandukuni hadi kwenye simu

Jirani, kama ukoo wenu ulifika Biryogo au Nyamirambo na babu mfanyabiashara kutoka Ujiji, Tabora au pwani, hapa Kigali, huenda chini ya kitanda cha bibi kuna sanduku la bati, na ndani yake kuna daftari lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kijana aliyetoka madrasa huletewa alisome. Husoma mstari mmoja kwa sauti, akakunja uso, akasema hajui hiki ni Kiarabu gani. Hana kosa, maana si Kiarabu. Ni Kiswahili kilichovaa herufi za Kiarabu, na pengine ni barua, hesabu ya madeni, kasida au dua.

Kiswahili kiliandikwa hivyo kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini tunazotumia shuleni. Ziko barua za Kilwa za mwaka 1711, zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, India. Wajerumani walipoingia pwani walikuta barua za biashara na za utawala zikiandikwa vivi hivi, hata mtaalamu wao C. G. Büttner akachapisha mkusanyiko wa hati za namna hiyo mjini Berlin mwaka 1892. Baadaye serikali na shule zikashika Kilatini, na herufi za Kiarabu zikabaki msikitini, chuoni (yaani madrasani) na kwenye masanduku. Hapa Kigali, mji ulioanzishwa mwaka 1907, Kiswahili kilikuja na misafara ya biashara, askari na makarani. Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, lakini masomo yake yote ni ya Kilatini. Kwa hiyo aliye na daftari la babu lazima ajisaidie. Nitakueleza namna, na sehemu kubwa ni bure.

Kabla ya kushika simu, elewa kwanza kwa nini yule kijana alikwama. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi za Kiarabu kama zilivyo, bila kuongeza kitu. Kiarabu hakina p, v wala ch, na hakina alama ya e wala ya o. Basi herufi ba ilibeba b na p, na mara nyingi mb na mp pia. Fa ilibeba f na v. Ghaini ilibeba gh, g na ng, na dali ikabeba d na nd. Kasra ikawa i au e, dhuma ikawa u au o. Ukikuta بَدَ unaweza kusoma banda, panda, au bada, ule ugali wa muhogo. Aliyeandika alijua alichokusudia, na aliyeandikiwa alijua habari yenyewe, kwa hiyo hawakusumbuka. Tunaosumbuka ni sisi tuliokuja baadaye.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokimbilia mashine. Picha nzuri ya ukurasa usiosomeka ni picha tu. Kompyuta haitakuambia kama babu alikuwa na banda au alikuwa anapanda. Atakayekuambia ni mzee anayekijua Kiswahili cha zamani, aliyesoma chuoni kwa mkeka na ubao, na wazee hao wanapungua. Kwa hiyo miadi ya kwanza weka na mzee. Kama huna wa nyumbani, nenda msikiti wa Al-Fat'h au pale kituo cha Kiislamu ambacho wengi tunakiita kwa Kadhafi, umwulize imamu baada ya swala: nani hapa mtaani bado anasoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu? Huduma hiyo haina bei. Sukari na majani ya chai hutosha kuwa shukrani.

Huku ukisubiri miadi, piga picha daftari lote. Simu ya kawaida yenye kamera safi inatosha. Tandika kitambaa cheusi mezani karibu na dirisha, asubuhi, mwanga uingie kwa upande. Usitumie taa ya simu, kwa sababu inang'arisha wino na kuchoma jicho la picha. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Glovu hazihitajiki, zinakufanya ukose kuhisi karatasi ikianza kuchanika. Shika simu iwe sambamba na ukurasa, na picha ichukue ukurasa mzima pamoja na pambizo, kwa kuwa pambizoni ndiko watu walikoandika kuzaliwa kwa watoto na tarehe za misiba. Usiruke ukurasa wa mwisho hata kama una mistari miwili tu. Mara nyingi mnakili aliandika pale jina lake, mji wake na mwaka wa Hijria. Mwaka 1345 wa Hijria, kwa mfano, unaangukia 1926 na 1927.

Daftari likiwa gumu kufunguka usilikandamize. Wala usilitie utepe wa gundi wala kulifunika kwa plastiki ya moto kama kitambulisho. Nimeona cheti cha ndoa kilichofunikwa hivyo, wino ukawa umeyeyukia ndani na hakuna wa kuutoa.

Picha moja ya simu huwa na ukubwa wa megabaiti 3 hadi 5, basi daftari la kurasa 100 litakula megabaiti 300 hadi 500. Flashi ndogo kabisa inayouzwa mjini inalibeba na nafasi inabaki. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, moja kwako na nyingine kwa ndugu wa mtaa mwingine. Zipe picha majina yanayofuatana: daftari1-001, daftari1-002, na kuendelea, la sivyo baada ya mwezi hutajua ukurasa upi ulitangulia. Ukimtumia ndugu aliye Bujumbura au Muscat kwa WhatsApp, zitume kama faili, si kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha na nukta za herufi hufifia. Na katika hati hizi nukta moja ikipotea, neno limepotea.

Ukipendelea kulipeleka papeteri, duka la vifaa vya kuandikia, wakuskanie, uliza bei ya ukurasa kabla hujatoa daftari mkononi, omba ubora wa 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi), na ukatae mashine inayomeza karatasi yenyewe. Karatasi iwekwe kwenye kioo kwa mkono, moja moja, nawe umesimama pale.

Sasa tuje kwenye maandishi yenyewe. Kuna tofauti kati ya picha ya neno na neno. Picha huwezi kuitafuta ndani yake, huwezi kuisahihisha wala kuituma kwa ujumbe mfupi. Neno lililoandikwa kwa herufi za simu linatafutika. Kinachowezesha hilo ni Yunikodi, mapatano ya dunia nzima yanayoipa kila herufi namba yake, ili pe, yaani herufi ya p, niliyoiandika Nyamirambo ionekane pe kwenye simu ya mtu wa Lamu. Wengine walisubiri sana. Watu wa Bali, kisiwa cha Indonesia, wana hati yao ya jadi iliyokuwa ikichorwa kwenye majani ya mti wa jamii ya mvumo, na hati hiyo iliingizwa katika Yunikodi mwaka 2006 tu. Sisi tuna bahati: hati yetu ni ya kuazima, na Waajemi, Wahindi na Wamalayu walikwishadai nyongeza zao, kwa hiyo herufi tunazozihitaji zimo tayari.

Ni zipi hizo? Marehemu Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefundisha Kiswahili London katika chuo cha SOAS, pamoja na P. J. L. Frankl, walitoa mwaka 1997 mapendekezo ya namna ya kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu bila utata. Nakushauri ufuate njia hiyo, kwa kuwa imefikiriwa na mtu aliyezaliwa na lugha. P ni پ, namba yake katika Yunikodi ni 067E. Ch ni چ, namba 0686. V ni ڤ, namba 06A4. G ni ڠ, ghaini yenye nukta tatu, namba 06A0. Kwa irabu (na neno lenyewe irabu tumelitoa kwenye Kiarabu cha chuoni), fataha, kasra na dhuma hubaki a, i na u. E hupata kijiti kidogo chini ya herufi, namba 0656, na o hupata dhuma iliyogeuzwa, namba 0657. Silabi ya kabla ya mwisho, ile tunayoikazia sauti, huvutwa kwa alifu, yaa au wau. N na m zinazotangulia konsonanti huandikwa waziwazi na kutiwa sukuni, alama ya kukosa irabu.

Tazama maneno yanavyokaa: banda ni بَانْدَ na panda ni پَانْدَ. Pete ni پٖيتٖ. Mboga ni مْبٗوڠَ. Chumba ni چُومْبَ. Utata umekwisha, na kijana wa madrasa anasoma bila kukunja uso.

Kwenye simu, nenda kwenye mipangilio ya kibodi, yaani ubao wa herufi, uongeze Kiarabu. Ni bure na haizidi dakika mbili. Halafu kwenye kibodi nyingi za Kiarabu ukibonyeza ba bila kuachia, pe hutokea juu yake. Jaribu vivyo hivyo jimu kwa che na fa kwa ve. Herufi ڠ ndiyo yenye matata, kwa kuwa Waarabu hawaihitaji. Wamalayu wanayo katika hati yao ya Jawi, ila kwao inasomwa ng, kwa hiyo kibodi ya Jawi itakupa. Programu ya Keyman, inayopatikana bure kwa simu na kwa kompyuta, ina kibodi za namna hiyo nyingi. Usipotaka kupakua kitu, fanya kama mimi: nimejitumia ujumbe wenye ڠ na zile alama mbili za e na o, nazinakili kila ninapozihitaji. Ni ufundi wa kivivu, lakini unafanya kazi.

Kwenye kompyuta yenye Word njia ni fupi zaidi. Andika 06A0, kisha bonyeza Alt pamoja na X, na namba hugeuka ڠ papo hapo. Vivyo hivyo kwa 0656 na 0657. Ili mstari uanzie kulia, bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya upande wa kulia. Badala ya herufi au alama ukiona kisanduku kitupu, fonti yako, yaani mtindo wa umbo la herufi, haina herufi hiyo. Pakua Scheherazade New iliyotengenezwa na SIL; ni ya bure na ina nafasi ya kutosha juu na chini ya mstari kwa alama zetu. Iko pia programu ya bure iitwayo Andika!, kazi ya Kevin Donnelly, inayogeuza Kiswahili cha Kilatini kuwa cha hati za Kiarabu na kurudisha, ila yataka mtu aliyezoea kompyuta akusaidie kuisimika.

Onyo moja kuhusu kuchapisha, nililojifunza kwa pesa zangu. Niliwahi kupeleka mstari wa kadi ya harusi mahali pamoja mjini. Fundi akaufungua kwenye programu yake ya kuchorea, herufi zikaachana kila moja peke yake na zikapangwa kuanzia kushoto. Kadi zikatoka. Bibi harusi alicheka, mama mkwe hakucheka. Hifadhi kazi yako kama PDF wewe mwenyewe, uitazame kwenye simu nyingine, ndipo uipeleke, na umwambie fundi asiiguse.

Je, daftari lenyewe ulipeleke wapi? Huna haja ya kulitoa nyumbani. Msikiti wa Riyadha wa Lamu ulipigiwa picha miswada yake kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza unaoshughulikia nyaraka zilizo hatarini, na kanuni ya mradi huo ni kwamba hati zenyewe haziondoki nchini mwake. Hapa Rwanda, nyaraka na urithi wa lugha viko chini ya Inteko y'Umuco. Unaweza kuwauliza ushauri wa utunzaji. Ukitaka kulinganisha mwandiko, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko mkubwa ambao orodha yake J. W. T. Allen aliichapisha mwaka 1970, na SOAS wana wao. Ila kabla hujaweka chochote mtandaoni, kaa na ukoo. Madaftari haya yana talaka, madeni ya watu ambao wajukuu zao ni majirani zetu, na dawa ambazo babu hakutaka zijulikane. Kurasa hizo zibaki kwenye flashi.

Siku ya mzee, nenda na picha umezikuza kwenye kioo kikubwa kama unacho, maana macho yake hayapendi maandishi madogo. Mwombe ruhusa ya kurekodi sauti. Asome mstari, wewe uandike kwa Kilatini kwanza, haraka. Kuandika kwa hati kamili utafanya baadaye nyumbani. Akisita kwenye neno, usimpendekezee. Andika yote anayoyataja, banda na panda, uweke alama ya kuuliza. Kurasa tatu kwa kikao zinatosha. Na akiomba mapumziko ya chai na mandazi, mpe, lakini kinasa sauti usikizime, kwa sababu wakati wa chai ndipo atakapokuambia daftari lile lilikuwa la nani.