MAJI YA KIFUANI: SINDANO AU MPIRA?

Mara nyingi mgonjwa wa kichomi hufika zahanati akiwa amekwisha kuumikwa. Mgongoni ana chale mpya za wembe, lakini bado anahema. Ana homa za jioni, amekonda, na akivuta pumzi ubavu humchoma. Huenda mtu huyu ana maji ya kifuani. Leo tujifunze maji hayo ni nini na hutolewaje.

Maji hukaa wapi?

Watu husema "maji ndani ya mapafu". Sivyo. Pafu limezungukwa na ngozi mbili nyembamba. Katikati yake kuna majimaji machache, kama vijiko vichache vya chai, ili pafu liteleze tunapopumua. Maradhi yakiingia, majimaji hayo huongezeka, pengine yakapita lita moja. Pafu hubanwa, likakosa nafasi ya kutanuka. Hapa kwetu chanzo kikubwa ni kifua kikuu. Vyanzo vingine ni nimonia, udhaifu wa moyo, figo na saratani.

Tulinganishe njia tatu

1. Chuku. Pembe hunyonya damu ya ngozi ya juu tu. Maji yako nyuma ya mbavu, na chuku haiyafikii. Tena wembe uliotumiwa na wengi huweza kuambukiza UKIMWI na homa ya ini.

2. Sindano. Mgonjwa huketi, akainamia meza au mto. Daktari humtia ganzi, kisha huingiza sindano juu ya ubavu, kwa sababu mishipa ya damu hupita chini ya ubavu. Mgonjwa asikohoe wala kujitikisa. Maji kidogo hupelekwa kupimwa. Kama anahema sana hutolewa zaidi, lakini kwa kawaida hayazidi lita moja na nusu kwa mara moja. Yakitolewa mengi kwa haraka, pafu huweza kudhurika. Kazi hii huisha kwa muda mfupi.

3. Mpira na chupa. Mpira huingizwa kati ya mbavu na kubaki siku kadhaa. Ncha yake ya nje huzamishwa katika maji yaliyomo chupani. Uchafu hutoka, lakini hewa haiwezi kurudi kifuani. Daktari Gotthard Bülau wa Ujerumani aliieleza njia hii mwaka 1891, na mpaka leo inatumika.

Ipi ni bora?

Inategemea kilichomo. Maji ya dafu hupita kwenye mrija mwembamba. Uji mzito haupiti. Vivyo hivyo, maji mepesi hutoka kwa sindano, lakini usaha unahitaji mpira. Maji ya udhaifu wa moyo mara nyingi hupunguzwa kwa vidonge vya kuongeza mkojo, bila kutoboa kifua.

Kumbuka: kutoa maji siyo kuponya ugonjwa. Mwenye kifua kikuu lazima ameze dawa kwa miezi 6. Dawa hizo hutolewa bure. Akiziacha kwa sababu tu pumzi imerudi, ugonjwa utarudi.

Ndugu wa mgonjwa wafanye nini?

Chupa ikae sakafuni, chini ya kifua cha mgonjwa, wakati wote. Ukiinyanyua juu, maji yatarudi kifuani. Usiufunge mpira wala kuuchomoa. Ukichomoka, funika tundu na umwite muuguzi mara moja.

Wapo wasemao, "Akitobolewa kifua atakufa." Hofu hiyo huwachelewesha wengi. Usaha ukikaa muda mrefu huganda, ngozi za pafu hushikamana, na kazi iliyokuwa ya mpira huwa ya kisu. Zahanati haitoi maji haya. Kazi yake ni kumtambua mgonjwa na kumpa barua. Basi ukipewa barua pale Maneromango kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, au pale Mlandizi kwenda Tumbi, Kibaha, usiiweke chini ya mkeka kungojea mavuno. Nenda kesho asubuhi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini chuku haiwezi kutoa maji ya kifuani?
2. Kwa nini chupa haipaswi kunyanyuliwa?
3. Kijijini kwenu, mgonjwa asiye na nauli atasaidiwaje kufika hospitali?