Mgonjwa wa Saratani, Rafiki Zake, na Ukumbusho wa Wafu

Wakatekumeni hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba Mungu ni Baba mwema. Ndipo huzuka swali ambalo kila katekista hulisikia, hata kabla sura ile haijamalizika: Ikiwa Mungu ni mwema, mbona mtu asiye na kosa huliwa na ugonjwa wa saratani mpaka akabaki mifupa mitupu? Swali hilo si dalili ya utovu wa imani. Yobu aliyeogopa Mungu aliliuliza kwa maneno makali zaidi, na maneno yake yamo katika Maandiko Matakatifu. Basi lastahili jibu, nalo haliwezi kuwa jibu fupi.

Yafaa kwanza kuufahamu ugonjwa wenyewe, ambao wengine huuita kansa au kansere. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaa chembe nyingine kwa kipimo, nazo zilizochakaa hufa na kuondolewa. Katika saratani chembe fulani huasi kipimo hicho. Huongezeka bila kukoma, hufanya uvimbe au kidonda, na mwishowe huhama kwa njia ya damu na kushika mahali pengine mwilini. Mtu haambukizwi saratani kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kumshika mkono, wala kwa kulala nyumba moja naye.

Wako waliofanya kazi ngumu ili watu waujue ukweli huu. Daktari Denis Burkitt alikuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari majuma kumi, akipita hospitali moja hadi nyingine na kuuliza kama wamewahi kuwaona watoto wa namna hiyo. Akagundua kwamba uvimbe ule huonekana katika nchi zenye joto na mvua, wala si katika milima ya baridi. Leo yajulikana kwamba virusi pamoja na malaria vina sehemu katika kuuleta, na tena kwamba watoto wengi huweza kupona kwa dawa wakifikishwa mapema. Burkitt alikuwa mtu wa sala. Sala haikumzuia kuuliza na kuhesabu, wala kuhesabu hakukumzuia kusali.

Na uwekwe sasa mfano wa mama mmoja, mkatekumeni wa mwaka wa pili, akaaye Keshero, mtaa wa mji wa Goma, ambako nyumba za mbao zimesimama juu ya mawe meusi ya volkeno. Siku moja, akioga, agusa kivimbe kidogo katika ziwa lake. Hakimwumi; kwa hiyo anyamaza. Miezi yapita, kivimbe chakua, ngozi yapasuka, kidonda chatoa harufu. Hapo majirani waanza kunong'ona. Mmoja asema ni sumu. Mwingine asema karogwa, na macho ya wote yamgeukia mama mkwe wake, kikongwe asiye na wa kumtetea. Watatu amshauri aende kwa mtu fulani awaombeaye wagonjwa na kuwakataza kumeza dawa. Hivyo katika nyumba moja maovu matatu yakutana: mgonjwa akawia kutibiwa, kikongwe asingiziwa, na jina la Mungu latumiwa kumzuia mtu asiende hospitali.

Bwana wetu Yezu Kristu aliulizwa jambo lililo sawa na hilo. Wafuasi wake walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu akakataa yote mawili. Tena alipokumbushwa habari za vifo vya ghafula, alitaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu kumi na wanane, akasema wazi kwamba hao hawakuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Basi mwenye kumwambia mgonjwa kwamba saratani ni adhabu ya dhambi zake anapinga maneno ya Yezu mwenyewe. Na mwenye kumtaja jirani kuwa mchawi aliyeuleta ugonjwa anavunja amri ya nane, kwa maana anashuhudia jambo asilolijua. Na mara nyingi anafungua mlango wa kuivunja amri ya tano, kwa kuwa vikongwe wamepigwa na kuuawa kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Jambo hilo katekista asilipite haraka haraka. Wako wanaojua sala zote kwa moyo, na bado humwogopa mama mzee wa nyumba ya pili.

Je, mkristo akitafuta dawa, amepungukiwa na imani? Hasha. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kwamba mganga amewekwa na Mungu, na kwamba dawa hutoka katika ardhi aliyoiumba Mungu. Chamwagiza mgonjwa asali, na pia ampishe mganga afanye kazi yake. Kanisa limemweka Mtakatifu Peregrini wa Forlì, nchini Italia, kuwa msimamizi wa wagonjwa wa saratani. Alikuwa mtawa wa Shirika la Watumishi wa Maria. Mguu wake uliota kidonda kibaya, mpasuaji akaamua kuukata. Usiku wa kuamkia siku ya kukatwa, Peregrini alijikokota mpaka mbele ya msalaba akasali. Na mapokeo yasema kwamba asubuhi mguu ulikutwa mzima. Akaishi hata mwaka 1345, na mwaka 1726 akatangazwa mtakatifu. Lakini yafaa kuangalia kwamba Peregrini hakumfukuza mpasuaji. Alikuwa tayari kukatwa. Tena wako wengi waliosali kama yeye, kwa machozi yale yale, nao hawakupona. Wala hakuna ajuaye kwamba imani yao ilikuwa ndogo kuliko yake. Mtakatifu Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwili wake, asiondolewe.

Kwa hiyo mama mwenye kivimbe aende hospitali mapema, wala asingoje maumivu, kwa kuwa saratani ya ziwa mara nyingi haiumi mwanzoni. Ni kweli kwamba safari ni ndefu na gharama ni kubwa. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifungua kituo cha saratani mwaka 2012. Uganda ina chuo cha saratani Kampala tangu mwaka 1967. Vita, mipaka na ukosefu wa fedha vimewazuia wengi wa Kivu wasifike huko. Ugonjwa ukikutwa umekwisha kuenea, mganga atasema kwamba hauponi tena. Hapo watu husema, “Hakuna la kufanya.” Neno hilo si kweli.

Daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyekuwa zamani sista wa Shirika la Wamisionari Waganga wa Maria, alifika Uganda mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, kazi ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona tena. Alianza na fedha kidogo katika nyumba ndogo ya kuazima huko Nsambya. Dawa yake kubwa ilikuwa mofini: unga ukorogwao katika maji safi, ukatiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe. Ile hafifu ni ya kijani, yenye nguvu zaidi ni nyekundu, na yenye nguvu kupita zote ni ya buluu. Mgonjwa huinywa nyumbani kwake kwa saa zilizopangwa, hata maumivu yakatulia, akalala, akala, akaongea na watoto wake. Kwa kuwa madaktari ni wachache, tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda yawaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika dawa hii wenyewe. Muuguzi huenda kijijini kwa mgonjwa, asingoje mgonjwa aletwe kwake.

Wengine huuliza: Kristu aliteswa msalabani, je, si vema zaidi kuvumilia maumivu bila dawa? Papa Pio wa Kumi na Mbili alilijibu swali hilo tarehe 24 Februari 1957, alipowahutubia madaktari. Alifundisha kwamba mgonjwa hana wajibu wa kukataa dawa ya kutuliza maumivu, na kwamba ni halali kuitumia hata ikiwa yaweza kupunguza siku zake, mradi hakuna njia nyingine, na nia isiwe kuua bali kutuliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha vivyo hivyo. Mwenye kutaka kwa hiari yake kuyatolea mateso yake pamoja na Kristu, na ayatolee. Lakini asiwepo mtu, wala mume, wala mchungaji, wala katekista, amlazimishaye mwingine kuumia kwa jina la msalaba. Msalaba ni wa mtu mwenyewe, haubandikwi mgongoni mwa mwenzake.

Sasa habari ya rafiki. Yobu alipopigwa kwa majipu, rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuja wakakaa naye chini mchana na usiku siku saba, wala hakuna aliyesema neno. Hizo ndizo siku walizomfaa. Siku ya nane walipoanza kumweleza sababu za mateso yake, wakawa mzigo juu ya mzigo, na mwisho Mungu mwenyewe akawakemea. Wenye kuwatembelea wagonjwa wangesoma sura hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Mgonjwa wa saratani hahitaji hotuba. Ahitaji maji yachotwe, mtoto apelekwe shule, kidonda kioshwe. Harufu ya kidonda ndiyo iwafukuzayo wengi, nayo mgonjwa aiona aibu hiyo usoni mwa mgeni hata kabla hajaketi. Yule akaaye bila kuziba pua amehubiri Injili nzima.

Katika parokia za Goma wakristo hukutana katika shirika, yaani jumuiya ndogo ya jirani na jirani. Maaskofu wa Kongo walizichagua jumuiya hai za namna hiyo tangu mkutano wao wa mwaka 1961. Watu wanne wa Injili, waliomchukua mwenye kupooza wakatoboa dari ili wamfikishe kwa Yezu, walikuwa shirika kamili: hakuna mmoja kati yao ambaye angeweza kumbeba peke yake. Shirika laweza kupanga zamu, leo huyu, kesho yule, kwa sababu ugonjwa huu ni mrefu, na huruma ya siku ya kwanza hupungua upesi kama mafuta ya taa.

Jambo lingine lawahusu wakatekumeni hasa. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, ambayo zamani iliitwa Mpako wa Mwisho, hutolewa kwa waliobatizwa. Je, mkatekumeni mgonjwa aachwe mikono mitupu? Sivyo. Akiwa katika hatari ya kufa, akazijua kweli kubwa za imani, akautaka ubatizo, na kuahidi kushika amri, aweza kubatizwa mara moja, bila kungoja Pasaka. Padre asipoweza kufika, mtu yeyote aweza kumbatiza, akimmiminia maji kichwani na kutaja Utatu Mtakatifu, akikusudia kufanya lile lifanywalo na Kanisa. Na kama kifo kimefika mbele ya maji? Kanisa lafundisha kwamba hamu yake ya kubatizwa, pamoja na toba na mapendo, yampatia wokovu. Kwa sababu hiyo sheria ya Kanisa yamhesabu mkatekumeni pamoja na waamini katika mazishi. Ndugu zake wasikubali azikwe kimya kimya kana kwamba hakuwa wa mtu.

Hofu kubwa ya wagonjwa wengi si kufa tu, bali kusahauliwa. Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, alikuwamo mkimbizi Myahudi kutoka Poland, jina lake David Tasma, akifa kwa saratani, hana jamaa. Cicely Saunders, mtumishi wa hospitali na mkristo, alizoea kumtembelea, wakazungumza jinsi wagonjwa wa namna hiyo wangeweza kutunzwa vizuri zaidi. Alipokufa alimwachia paundi 500, akitaka awe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Saunders akasoma udaktari, na mwaka 1967 akaifungua St Christopher's Hospice, nyumba iliyowafundisha watu wa nchi nyingi utunzaji huu. Dirisha limo. Mtu aliyedhani haachi kitu aliacha mwanga kwa maelfu asiowajua.

Wengi hawana paundi 500. Huko Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama waliokuwa na ukimwi walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: jina la babu, kijiji cha asili, siku mtoto alipoanza kutembea, chakula alichokipenda. Mgonjwa wa saratani aweza kufanya vivyo hivyo katika daftari la shule, na asiyejua kuandika aweza kumsimulia mwenye kujua. Yafaa kuanza mapema, mkono ungali na nguvu.

Kwa waliokwisha kufa, Kanisa lina ukumbusho wake. Yuda Makabayo alichanga fedha akazipeleka Yerusalemu, sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliouawa. Mtakatifu Odilo, abate wa Cluny, karibu na mwaka 998 aliwaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote siku ya pili ya Novemba, na desturi hiyo ikaenea Kanisa zima. Tangu mwaka 1915 kila padre aruhusiwa kutoa Misa tatu siku hiyo. Kuanzia tarehe 1 hata 8 Novemba, mbatizwa aendaye makaburini kuwaombea wafu aweza kuwapatia rehema kamili, akitimiza masharti ya kuungama, kupokea Komunyo na kusali kwa nia ya Papa. Asiyebatizwa bado aweza kwenda pamoja nao, kung'oa majani na kusali. Majina ya marehemu huandikwa katika karatasi na kupelekwa kwa padre kabla ya siku yenyewe. Na jina la mkatekumeni aliyekufa akingoja ubatizo liandikwe humo humo, katika mstari mmoja na wengine.