Somo la lugha: hili neno "sus"



Ndugu zangu, safari hii nimeomba ukurasa wa lugha niandike juu ya neno moja tu la Kiingereza, tena lenye herufi 3. Linaandikwa "sus", linatamkwa "sas". Wengi wenu mnalitumia kuliko mimi. Nilipolisikia mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa 1, nilidhani wanamsema msichana anayeitwa Susan, nikanyamaza nisionekane mshamba.

Ni neno lililokatwa kutoka "suspicious" au "suspect", na maana yake ni kitu au mtu anayetia shaka. Ni la mitaani. Msiliandike kwenye insha ya mhadhiri. Lina ndugu zake. Waingereza hupenda "dodgy", Wamarekani "sketchy", na wote husema "fishy", kutokana na samaki, kwa ile harufu inayokujulisha kuwa kitu kimeoza kabla hujakiona. Msimamizi wa maabara aliponiambia matokeo yangu yana kitu "fishy", wallahi niliinusa meza.

Kiswahili nacho hakikulala. Tunasema "hii ina walakini". Neno hilo ni Kiarabu kitupu, "wa lakin", yaani "na lakini". Mtu anasifiwa kwa adabu yake, anasifiwa kwa elimu yake, kisha inafuata ile "lakini", na baada yake hakuna anayezikumbuka sifa.

Vijana wengi walilipata "sus" kwenye mchezo wa simu uitwao Among Us, uliotoka mwaka 2018 na kuenea dunia nzima mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona. Wachezaji wamo ndani ya chombo cha angani, na kati yao yumo msaliti anayewaua wenzake kwa siri. Hukutana, hubishana, kisha hupiga kura wamtupe nje nani. Ushahidi si lazima. Aliyekaa kimya sana ni "sus", aliyeonekana karibu na mlango ni "sus". Anatupwa, na mara nyingi akishatupwa ndipo skrini inawaambia waliobaki kuwa hakuwa yeye.

Lakini neno ni kongwe kuliko mchezo. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1824 juu ya wazururaji, na kifungu chake cha 4 kilimruhusu polisi kumkamata mtu "anayeshukiwa" kuzunguka mahali pa watu kwa nia ya kutenda kosa. Hakuwa ameiba. Ilitosha polisi kueleza mahakamani walivyomwona. Watu wakaiita "sus law". Katika miaka ya 1970 iliwaangukia zaidi vijana weusi wa mijini, hasa London, na wazazi wao wakaipigania miaka mingi. Aprili 1981 ghasia kubwa zilizuka Brixton baada ya polisi kusimamisha na kupekua mamia ya watu barabarani kwa siku chache, na mwaka huo huo Bunge likakifuta kipengele hicho. Kwa hiyo kijana mweusi wa London wa enzi zile akilisikia "sus" hakucheka. Kwake lilikuwa neno la kulala mahabusu.

Na msidhani hayo ni ya ng'ambo. Mkoloni alituletea sheria za ukoo ule ule hapa Uganda. Kifungu cha 168 cha Sheria ya Makosa ya Jinai, kile cha "rogue and vagabond", kiliruhusu mtu kukamatwa kwa kushukiwa tu, hana njia ya kujikimu inayoonekana na hawezi kujieleza vizuri, au amekutwa akitembea mahali na saa isiyoeleweka. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vipengele hivyo mwaka 2022. Uhuru tuliupata mwaka 1962, ndugu zangu. Hesabuni wenyewe.

Sasa niseme kwa nini nimeyasoma yote haya, maana si kwa kupenda historia.

Muhula uliopita simu ya ndugu mmoja ilipotea kwenye chumba chetu cha swala. Kulikuwa na kijana wa idara nyingine, mgeni kwetu, mpole, Kiingereza chake cha shida kwa kuwa alisoma kwa Kifaransa huko Kongo. Kila siku baada ya Isha alikuwa wa mwisho kutoka, na begi kubwa mgongoni. Usiku ule nikaandika kwenye kundi letu la simu: "That guy with the bag is sus." Sikusema ni mwizi. Ndiyo raha ya neno hili, linakupa kusema bila kusema. Zikaja emoji za kucheka. Mmoja akaandika, "Hata mimi nimekuwa nikimwangalia." Mwingine akaweka picha yake aliyompiga kwa nyuma. Haikupita saa moja, askari wa getini akamsimamisha na kumwambia afungue begi mbele ya watu.

Mlikuwamo blanketi, mswaki, sufuria ndogo na vitabu. Alikuwa hana ada ya hosteli, na kwa wiki kadhaa alikuwa akilala mle mle chumba cha swala sisi tukishaondoka. Simu ilipatikana kesho yake maabara, mwenyewe aliisahau kwenye chaji.

Nilimtafuta siku 4. Nilipompata na kumwomba radhi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, wamenionyesha ulichoandika. Hilo neno maana yake nini?" Nikatafuta Kiswahili chake nikakosa. "Mwizi" si lenyewe. "Mtu wa kutilia shaka" ni kama barua ya serikali. Mwishowe nikamwambia, "Maana yake nilikushuku."

Na hapo ndipo penye somo la sarufi. Kwenye "he is sus" mimi nimo wapi? Simo. Ubaya umebandikwa juu yake kama rangi ya shati, na aliyeubandika ameshaondoka. Kiswahili kikisema "namshuku", anayeshuku yupo mwanzoni mwa kitenzi chenyewe na anaweza kuulizwa, kwa lipi? Ingawa tusijisifu, maana "ana walakini" hufanya mchezo ule ule wa Kiingereza.

Dini yetu imelishughulikia jambo hili kwa kina. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi, kisha anakataza kupelelezana na kusengenyana. Tazameni mpangilio. Dhana huzaa upelelezi, upelelezi huzaa maneno ya nyuma. Kundi letu la simu lilifuata njia hiyo hiyo hatua kwa hatua, picha ile ikiwa ndiyo upelelezi wenyewe.

Wanafiqhi nao wana kanuni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Mfano wake mnaujua tangu madrasa: mtu aliye katika swala akihisi huenda udhu umemtoka, Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, amefundisha asiiache swala mpaka asikie sauti au apate harufu. Harufu yenyewe, si kuidhania. Na asili ya mtu ni kutokuwa na hatia, kwa hiyo begi kubwa haliwezi kuiondoa asili hiyo.

Ndugu mmoja alinipinga. Akanikumbusha kisa cha Bi Safiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, alipomzuru Mtume usiku akiwa itikafu, naye akatoka kumsindikiza. Ansari wawili waliopita wakaharakisha, Mtume akawatuliza na kuwajulisha kuwa huyo ni Safiyya binti Huyay, akachelea shetani asitie kitu nyoyoni mwao. "Basi," akasema, "na huyu angejieleza mapema." Kisa ni sahihi, na kweli wanazuoni wamechukua humo kuwa mtu ajiondolee tuhuma. Lakini kujieleza kule kulitoka kwa mwenyewe. Sioni humo ruhusa ya mimi kumfungulisha mtu begi getini. Na kumwambia asiye na pa kulala atangaze kuwa hana pa kulala ni jambo jepesi kwa mwenye kitanda.

Je, neno litupwe? Hapana. Mtume ametufundisha tuache linalotutia shaka tuliendee lisilotutia shaka, na vitu vya kutia shaka vimejaa. Ujumbe unaodai umetumiwa pesa kimakosa na kukuomba namba yako ya siri ni "sus". Wakala wa kazi za Ghuba anayetaka fedha kabla hujaona mkataba, kazi yake ni "sus", na hapo semeni kwa sauti ili mwenzenu asiingie. Semeni juu ya ujumbe na juu ya mkataba. Likifika kwa mtu, nimejiwekea sharti niliseme kwa Kiswahili na nianze na "mimi".

Yule ndugu sasa ana kitanda; kaka wawili wa mwaka wa 3 wamempisha chumbani kwao. Wananiambia Isha anaswali msikiti wa nje ya chuo.