Umesimamishwa na Askari wa Hifadhi: Ni Askari wa Nani?

Ukiwa mchungaji wa Kotile, Kaunti ya Garissa, ukasimamishwa porini na mtu mwenye gwanda na bunduki begani, kuna swali moja la kuuliza kwa upole kabla ya mengine yote: wewe ni askari wa nani? Jibu ndilo litakaloonyesha kama anaweza kukukamata, akupeleke wapi, na ukidhulumiwa umlalamikie nani.

Swali hili lina uzito zaidi huku kwetu kwa sababu askari wa hifadhi ana kazi nyingi. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilianzishwa mwaka 2006 kando ya Mto Tana ili kumlinda hirola, swala ambaye duniani kote wamebaki chini ya 500. Mwaka 2012 ikajengewa eneo lenye ua wa kuwazuia simba na fisi. Machi 2020 dunia nzima ilisikia kwamba majangili wamemuua twiga mweupe wa Ishaqbini pamoja na mtoto wake. Askari anayefuata nyayo za majangili hao ndiye huyohuyo mnayempigia simu simba akivamia zizi, mamba akimnyakua mtu malkani, pale watu na mifugo wanapofikia mto, ng'ombe wakiibwa, au mto ukifurika na mgonjwa akikosa gari la kumfikisha Masalani. Leo amekuja kukuokoa, kesho anaweza kuja kukukamata, na sura ni ileile. Sheria, hata hivyo, haimpi mamlaka yaleyale katika kila kazi.

Kofia tatu

*Askari wa KWS*, Shirika la Wanyamapori la Kenya, ni ofisa wa serikali ya kitaifa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inampa uwezo wa kupekua, kukamata na kutwaa vielelezo katika makosa ya wanyamapori, hata kwenye ardhi ya jamii.

*Askari wa hifadhi ya jamii* ameajiriwa na hifadhi yenyewe. Kama hana uteuzi mwingine wa serikali, uwezo wake wa kukamata ni ule wa raia yeyote. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi huweza kukamata bila hati, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa zito la jinai. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kuchelewa. Hana ruhusa ya kukufungia kambini usiku kucha, wala kukuhoji mpaka ukiri.

*Polisi wa akiba*, wanaojulikana kama NPR, wako chini ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Kaskazini mwa Kenya askari wengi wa hifadhi za jamii hubeba bunduki za serikali kwa sababu wameteuliwa kuwa polisi wa akiba. Akiwa na kofia hiyo anafungwa na sheria ya polisi: bunduki ni njia ya mwisho, kwa mfano ya kuokoa maisha. Akimjeruhi mtu, lazima majeruhi apatiwe matibabu mara moja na tukio liripotiwe kwa wakubwa wake.

Mwombe askari kitambulisho cha kazi, ukariri jina na nambari. Usikimbie na usishike silaha yake. Kumzuia ofisa kufanya kazi yake ni kosa lingine juu ya lile unaloshukiwa.

Ukikamatwa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlinda kila anayekamatwa, awe anashukiwa kuwa jangili, mwizi wa mifugo au mfuasi wa Al-Shabaab. Una haki ya:

1. Kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoielewa. Kama ni Kisomali au Kipokomo, sema hivyo. Kesi ikifika mahakamani, mkalimani hulipwa na serikali kama huelewi lugha inayotumika.
2. Kunyamaza, na kutolazimishwa kukiri.
3. Kuwasiliana na wakili na mtu mwingine anayeweza kukusaidia.
4. Kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa mahakama. Kukuzuia zaidi ya hapo ni uamuzi wa hakimu.
5. Kuachiliwa kwa dhamana, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kuinyima.

Barabara mbovu si kisingizio cha kukaa na mtu siku tatu. Jamaa zako waende kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyohiyo, waulize kama jina lako limeandikwa katika kitabu cha matukio, na wachukue nambari ya OB.

Mchungaji akiwa mtoto

Wengi wanaokutwa na mifugo porini ni vijana wadogo. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto ambaye hajafikisha miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Aliyefikisha umri huo lakini hajafikisha miaka 18 hafungiwi pamoja na watu wazima, na mzazi au mlezi lazima ajulishwe. Nendeni kituoni na cheti cha kuzaliwa kuthibitisha umri wake, au kadi ya kliniki kama cheti hakuna.

Ng'ombe wakizuiliwa

Kuingiza mifugo katika mbuga ya taifa bila idhini ni kosa. Ardhi ya jamii ni jambo tofauti: huko malisho hufuata mpango ambao jamii yenyewe imeupitisha, na ni haki yako kuuona. Mifugo ikizuiliwa, hesabuni pamoja na askari, muandike idadi, rangi na alama, kisha kila upande ubaki na nakala. Faini ya jinai hutozwa na mahakama, na risiti hutolewa. Pesa anazodai mtu chini ya mti ili akuachilie ni hongo, na anayetoa hongo naye ana hatia.

Mnyama akiua au kujeruhi

Hapa sheria iko upande wako. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Wanyamapori kinaruhusu fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, mnyama akiwa kwenye orodha ya sheria. Simba, chui, fisi, mamba, kiboko, nyati na ndovu wamo. Mifugo hufidiwa kwa bei ya soko, ila dai linaweza kukataliwa ukionekana hukuchukua hatua za kawaida za kuilinda. Piga picha za zizi na ua wake.

Madai mengi hukwama kwa kukosa ushahidi wa saa za mwanzo. Ripoti kwa KWS na polisi siku hiyohiyo. Usiuondoe mzoga kabla haujaonekana na kupigwa picha. Majeruhi apate fomu ya P3 na ripoti ya daktari. Kwetu maziko hayangoji, basi wakati wengine wanachimba kaburi, mmoja wenu awalete polisi na mhudumu wa afya wauone mwili na kuandika ripoti.

Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Dai la kifo au majeraha huendelea hadi kwa waziri, la mifugo na mazao huendelea KWS. Weka nakala ya kila karatasi yenye muhuri, maana malipo huchelewa. Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 za kukata rufaa kwenye baraza la taifa la mazingira, NET, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hifadhi ni ya jamii

Askari wa hifadhi ya jamii ana bodi juu yake, na bodi ina jamii juu yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji katika ardhi hiyo uidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima mkutanoni. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za huko, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo ulihusu Isiolo, lakini swali lake linaweza kuulizwa kwenye baraza lolote: mkataba uko wapi, na nani waliupitisha?

Ukidhulumiwa

Malalamiko dhidi ya polisi wa akiba yapeleke IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Dhidi ya KWS, anza na mkuu wa kituo, kisha Tume ya Haki za Utawala au Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Askari wa hifadhi asiye na kofia ya serikali mlalamikie kwa bodi, na kama amempiga au kumfungia mtu, mripoti polisi kama mhalifu mwingine yeyote. Kila malalamiko yataje tarehe, mahali, jina au nambari ya askari, na kofia aliyokuwa amevaa siku hiyo.